Bukini na watoto: kaeni msitu mmoja

Ratiba ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa na hifadhi tano ndani ya siku tisa. Mume wangu akafurahi, Bukini (Madagaska) nzima kwa mkupuo mmoja! Mimi nilikuwa na wasiwasi, ila nikanyamaza. Kutoka Antananarivo, mji mkuu, hadi Andasibe, kwenye hifadhi ya kwanza, ni kilomita 150 hivi, lakini barabara hiyo ndiyo ya malori ya bandari ya Toamasina. Tulifika baada ya karibu saa tano, mtoto mdogo ametapika mara mbili. Jioni hiyo hiyo tukazifuta hifadhi nne zilizobaki. Hoteli moja ikala amana yetu, na sikusikitika hata kidogo.

Siku ya kwanza hatukuona mnyama. Hifadhini huingii bila mwongozaji, na wetu alijua kazi yake, lakini mvua ilinyesha na kijana wetu aliuliza "wako wapi?" kila baada ya dakika tano. Tulichopata ni ruba. Anakupanda mwembamba kama uzi, ukija kumwona keshavimba. Binti yangu alipata watatu, akatamba nao mpaka chakula cha jioni.

Kama tungefuata ile ratiba, asubuhi iliyofuata tungekuwa garini. Badala yake, saa mbili kasorobo, tulikuwa chini ya miti ulipoanza mlio mmoja mrefu kama baragumu. Kabla haujashuka ukadakwa na wa pili, kisha kundi jingine likajibu kutoka ng'ambo ya bonde. Ni indri, komba wa Bukini (lemuri) mkubwa kuliko wote walio hai, na sauti yake husikika kilomita mbili na zaidi. Mdogo akanishika mkono: "Mama, wanalia nini?" Mwongozaji akamwambia hawalii, wanawaambia majirani kwamba hapa pana wenyewe.

Mmoja akashuka hadi karibu nasi. Mweusi kwa mweupe, masikio ya manyoya, mkia kama umekatwa. Alivuta tawi, akanusa jani, akaliacha, akachukua la pili. Tulimtazama akichagua majani kwa robo saa nzima. Wenyeji humwita babakoto, na kwa mila yao kumuua ni mwiko. (Watoto walifurahi zaidi kusikia kwamba ng'ombe huko ni omby na kuku ni akoho. Siku nzima ikawa ni omby, omby.)

Karibu na hapo kuna mahali ambapo komba huwarukia wageni mabegani kwa kipande cha ndizi. Watoto waliona picha wakataka. Nilikataa, na nikanuniwa. Mimi naona mnyama aliyezoeshwa ndizi ni sawa na paka wa nyumbani, sasa ya nini kusafiri mbali hivyo? Indri ndiye hasa hafugiki. Waliojaribu kumweka kwenye bustani za wanyama walimpoteza. Ukimtaka, umfuate kwake, na kwake kunapungua kwa kufyekwa mashamba na kuchomwa mkaa. Magunia ya mkaa tuliyaona kando ya barabara ile ile. Sina ubavu wa kumhubiria anayeuza mkaa apate kula, ila ujira wa mwongozaji usiupigie bei. Ndiye anayekula kwa msitu kubaki umesimama.

Kufikia siku ya nne watoto walikuwa wakiona vinyonga kabla yetu. Usiku wa mwisho, kwa kuwa giza likiingia hifadhi hufungwa, tulitembea kando ya barabara na tochi. Macho mawili yakawaka kichakani. Alikuwa komba wa kuenea kiganjani, ameng'ang'ania kijiti. Lori likapita na taa zake, akatoweka.

"Tungoje," akasema yule yule wa "wako wapi?"

Tukangoja dakika ishirini. Hakurudi, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mume wangu, aliyekuwa na njaa.