Konda hana utu, mimi nilikuwa nawahi

Kituo cha Kabwe, Mbeya, saa kumi na mbili jioni, mvua inanyesha. Mama mwenye ndoo ya maparachichi anakimbilia daladala ya Uyole. Konda anagonga bodi, gari linaondoka. Kituoni hukumu inatoka papo hapo: "Vijana wa siku hizi hawana utu!"

Sasa muulize mmoja wa hao mahakimu kwa nini asubuhi alimpita jirani bila hata salamu ya "ugonile". Atakwambia alikuwa anawahi kazini. Yeye ana sababu. Konda ana tabia mbaya. Hesabu ya tajiri, yaani fedha za mwenye gari ambazo sharti zitimie kabla gari halijalala, haitajwi na yeyote.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross wa Marekani aliliita hili kosa la msingi katika kueleza matendo ya watu: tunaona moyo wa mtu, hatuoni kilichombana. Ila jaribio ninalolipenda ni la wanasaikolojia Darley na Batson, la 1973. Waliwachukua wanafunzi wa seminari ya Princeton, wakawatuma jengo la pili kutoa hotuba, wengine kuhusu Msamaria Mwema. Njiani aliwekwa mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Walioambiwa wana muda, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa? Asilimia 10. Hotuba ya Msamaria haikuleta tofauti ya maana, na wapo waliomruka wakaendelea na safari. Wachungaji watarajiwa hao!

Kuna watakaosema hayo ni ya Wazungu, sisi tunamtazama mtu pamoja na jamaa zake. Kidogo ni kweli: mwaka 1984 mtafiti Joan Miller alikuta watu wazima wa India, wakieleza matendo ya mtu, wakitaja mazingira zaidi kuliko Wamarekani. Lakini nendeni Mwanjelwa, hapahapa Mbeya. Mtu wa kabila la Wakinga akifungua duka likashika, utasikia "hao wana dawa zao". Miaka aliyouza dukani kwa mjomba wake akilala juu ya magunia haimo kwenye maelezo. Kwangu huo ni uvivu wa kufikiri, na hatuwezi kuusingizia Ulaya.

Simtetei konda mwenye matusi. Wapo wenye hesabu ileile wanaoshuka na kupandisha ndoo ya bibi, kama ile asilimia 10 ya Princeton waliosimama huku wamechelewa. Hao ndio ningependa watafiti wawakalishe chini wawahoji.