Dohani za Sakafu ya Bahari Hujengwa na Maji

Kila ninaposoma habari za matundu ya maji moto yaliyo kwenye sakafu ya bahari, nakuta yameitwa volkano ndogo. Jina hilo linaniudhi, maana linaipa volkano sifa iliyo ya maji.

Moto upo, sikatai. Mabamba ya gandunia, yaani vipande vikubwa vya tabaka gumu la juu la dunia, yanapoachana, miamba hupasuka na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, husogea karibu na sakafu. Lakini kinachotoka kwenye matundu ni maji yaleyale ya bahari. Yamepenya kwenye nyufa, yakashuka hadi karibu na joto, yakaacha magnesiamu yake mwambani na kugeuka asidi. Asidi hiyo hung'oa chuma, shaba na zinki. Hata yakipita nyuzi 350 za Selsiasi hayachemki, kwani kwenye kina cha mita 2,500 mgandamizo ni karibu mara 250 ya ule wa hewa juu ya bahari. Joto huyafanya mepesi, nayo hupanda.

Pale mdomoni ndipo ninapopapenda. Maji yanayotoka yanakutana na maji ya bahari yenye nyuzi 2 hivi. Sukari huyeyuka zaidi maji yakipata moto. Kalsiamu salfeti, chumvi iliyomo katika maji ya bahari, hufanya kinyume, hujitenga na kuganda. Kwa hiyo maji baridi yanapopashwa ghafla huacha pete nyeupe kuzunguka tundu, na huo ndio ukuta wa kwanza wa dohani, yaani bomba la madini linaloinuka juu ya tundu. Shaba na chuma, vikiungana na salfa, huja kuuziba na kuukaza kwa ndani. Ule "moshi" mweusi ni chembe za madini hayohayo zilizopotelea baharini.

Mwaka 1977 wanasayansi ndani ya nyambizi Alvin waliona karibu na Galápagos maji ya uvuguvugu tu, pamoja na wanyama wasiotarajiwa. Dohani zenye moshi mweusi zilipatikana mwaka 1979 upande wa Pasifiki wa Meksiko, zikayeyusha fimbo ya plastiki ya kipimajoto.

Anayeshikilia volkano aitazame Lost City, eneo la matundu lililogunduliwa mwaka 2000 katika Atlantiki. Pale matundu hayategemei magma. Maji ya bahari humenyuka na miamba iliyoinuka kutoka kina kirefu cha dunia, kisha hutoka na nyuzi 40 hadi 90. Minara yake ni myeupe, ya chokaa, na mrefu kuliko yote una mita 60.