Miezi 18, mizani na swali ambalo sikuulizwa

Mwanangu wa pili alipotimiza miezi 18 nilimpeleka kliniki hapa Dar es Salaam kwa ajili ya chanjo yake ya pili ya surua na rubela. Alipimwa uzito, kadi ikajazwa, nikaambiwa kwamba anaendelea vizuri. Alikuwa hajatamka neno lolote la kueleweka, lakini sikulitaja jambo hilo kwa sababu sikuulizwa, na pia kwa sababu nyumbani kila mtu alikuwa amekwisha kunihakikishia kwamba watoto wa kiume huchelewa, kwamba baba yake naye alianza kusema akiwa na miaka mitatu, na kwamba atasema tu. Tukasubiri mwaka mzima. Alipokuja kupimwa masikio, akiwa na miaka miwili na nusu, ikabainika kwamba usikivu wake ulikuwa umepungua kwa kiwango cha kati katika masikio yote mawili. Mlango ukibamizwa alishtuka, na pikipiki ikipita aligeuka, ndiyo maana tuliamini kwamba anasikia. Maneno yetu yalimfikia kama mvumo usio na herufi.

Simlaumu mama mkwe wangu kwa lile neno lake la "atasema tu", kwa kuwa kwa watoto wengi wanaochelewa neno hilo huwa kweli, nao huwafikia wenzao bila msaada wowote. Shida ni kwamba hapakuwa na mtu nyumbani mwetu, mimi nikiwa wa kwanza, aliyeweza kumtambua kwa macho mtoto atakayesema mwenyewe na yule asiyesikia. Katika miezi ya mwanzo hata mtoto kiziwi hulia na kutoa sauti laini kama wenzake. Tofauti hujitokeza baadaye, katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza, pale wenzake wanapoanza kurudiarudia ba-ba na ma-ma naye akabaki kimya au akachelewa sana. Kwa hiyo kipimo cha masikio ndicho kinachopaswa kuja kwanza, kabla ya ushauri wowote wa jirani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 60 ya matatizo ya usikivu utotoni hutokana na sababu zinazozuilika. Kwetu sababu hizo tunazijua kwa majina: homa ya uti wa mgongo, manjano kali ya mtoto mchanga, masikio yanayotoa usaha kwa miezi bila kutibiwa, dawa kama jentamaisini zisipotumiwa kwa uangalifu, na rubela inayompata mama mwanzoni mwa ujauzito. Wapo pia watoto wanaosikia vizuri lakini lugha yao imeathirika kwa namna nyingine. Utafiti uliofanywa Kilifi, nchini Kenya, ulionyesha kwamba baadhi ya watoto walionusurika malaria kali hubaki na matatizo ya lugha.

Badala ya kipimo, mimi nilishauriwa mambo mawili. La kwanza lilikuwa kumkata udata, ile ngozi nyembamba iliyo chini ya ulimi. Udata unaweza kumsumbua mtoto katika kunyonya, na pengine katika kutamka baadhi ya sauti, lakini si sababu ya mtoto kutokuwa na maneno kabisa, nami nasikitika kila ninaposikia kwamba mtoto amekatwa bila kupimwa masikio. La pili lilikuwa kuacha Kinyakyusa nyumbani ili asichanganyikiwe. Watoto wengi wa nchi hizi hukua na lugha mbili au tatu, na lugha mbili hazimchelewishi mtoto kusema. Bibi anayenyang'anywa lugha anayoimudu hunyamaza, na mtoto hupoteza msemeshaji mmoja.

Jambo la ajabu ni kwamba wazazi wengi huhangaishwa na matamshi zaidi kuliko na ukimya. Mtoto wa miaka mitatu akisema "lafiki" tunamsahihisha mbele ya wageni, ingawa hiyo ni hatua ya kawaida kwa wadogo, na "taka maji" bila kile kiambishi cha mwanzo ni Kiswahili cha kawaida kabisa cha mtoto anayejifunza. Asiyesema chochote, tunamwita mpole.

Tulipoanza tiba ya usemi, baada ya mwanangu kupewa vifaa vya kusaidia kusikia, nilitarajia kuona ulimi ukifanyishwa mazoezi. Mtaalamu aliketi na mtoto mkekani, akaficha mpira chini ya kikapu, kisha akanyamaza akimtazama usoni kwa muda ulionitia wasiwasi. Mtoto alipotoa sauti iliyokaribia "pi", alimpa mpira na kutamka "mpira". Kazi kubwa ilikuwa yangu. Nilifundishwa kutomtimizia kila haja kabla hajaiomba, kuacha yale maswali ya "hii nini, hii nini", na kuongeza neno moja juu ya lake: akisema "mpira", niseme "mpira mkubwa", akisema "taka maji", nimjibu "unataka maji, haya, kunywa", bila kumkemea wala kumlazimisha arudie. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini simu haimfundishi mtoto mdogo kusema: humsemesha bila kungoja jibu lake.

Wataalamu hawa bado ni wachache mno. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya fani hii mwaka 2008, ya kwanza Afrika Mashariki, na Muhimbili nako sasa inafundishwa, lakini mama aliye mbali na miji mikubwa hawezi kuungoja uchache huo umalizike. Muuguzi wa kliniki anaweza kuuliza leo, bila chombo chochote: ukiacha mama na baba, anasema maneno gani? Anakuonyesha vitu kwa kidole? Ukimwita akiwa amekupa mgongo, anageuka? Naona miezi 18 ndiyo siku ifaayo, maana mama amekwisha kufika kwa ajili ya chanjo, na ni umri ambao mwaka mmoja wa kusubiri hugharimu mengi. Majibu yakitia shaka, apewe rufaa ya kwenda kupimwa masikio.

Mdogo wake wa kike atatimiza miezi 18 mwezi Machi. Nimeandika maneno yake kwenye karatasi na kuibana ndani ya kadi, hadi sasa yamefika 9, nami nitamsomea muuguzi hata asiponiuliza.