Msiinyooshe ilimba

Nyimbo 5, dakika 18 na ushee, mwimbaji wa Kigogo asiye na lebo wala meneja, na ilimba yake, kile chombo cha ndimi za chuma zinazogongwa kwa dole gumba. EP (albamu fupi) ya namna hii ndiyo tunayoililia kila siku. Halafu sekunde chache tu ndani ya wimbo wa kwanza, huyo kinanda. Sauti ndefu, laini kama losheni, imetandazwa juu ya ilimba kama nailoni juu ya kochi jipya. Kufika kiitikio, sauti ya mwimbaji nayo imeshapitishwa kwenye Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti, na huwezi tena kujua ametokea Dodoma au wapi.

Jina lake silitaji kwa sababu kosa si lake. La studio silitaji pia, maana zinazofanya hivi zimejaa tele.

Najua nitaambiwa ni suala la ladha. Hesabu inakataa. Skeli ya Kigogo, yaani mpangilio wa noti zake, inafuata hamoniki (sauti zenye mitetemo mara 2, 3, 4 na kuendelea ya sauti ya msingi), ya 4 hadi ya 9. Msingi ukiwa noti ya C, hamoniki ya 5 inakaa senti 14 (senti 100 ni hatua kati ya vitufe viwili jirani vya kinanda) chini ya E ya kinanda, na ya 7 inakaa senti 31 chini ya Bb. Senti za pesa zilishakufa madukani. Hizi bado zinauma. Gonga hamoniki ya 7 kwenye ilimba, kama Hz 458 (mitetemo kwa sekunde), huku umebonyeza Bb ya kinanda, Hz 466. Sauti hizo mbili zinasuguana na kutetemeka mara 8 kwa sekunde. Ule mtetemo unaokera masikio chini ya kiitikio cha wimbo wa kwanza ndio huo. Prodyuza kausikia, bila shaka. Ila kaamua kwamba mwenye makosa ni ilimba.

Kwa hiyo kwenye wimbo wa pili, na tena wa tano, wameinyoosha ifuate kinanda. Si kazi ngumu: ulimi wa chuma ukiuchomoza, sauti inashuka; ukiurudisha ndani, inapanda, na hata milimita moja inasikika. Kinachosahaulika ni kwamba ilimba kubwa ina ndimi ambazo dole gumba haliziguzi kabisa. Kazi yake ni kuitikia zenyewe pale ndimi jirani zinapogongwa. Ukizihamisha zinazopigwa ukaziacha zinazoitikia, hakuna tena wa kumwitikia mwenzake. Chombo kinabaki kinasema "tin, tin" kama simu ya mtoto. Sikilizeni wimbo wa kwanza, halafu wa pili, bila kinanda kuwapumbaza. Mwili wa ilimba umepungua nusu.

Auto-Tune ni balaa la pili. Ukiiachia noti zote 12, hamoniki ya 7 inapandishwa kwa nguvu hadi Bb. Ukijifanya mjuzi ukaiwekea C meja, ndani yake hakuna Bb, basi sauti inashushwa hadi A, senti 69 nzima. Mtu kaimba sawasawa, mashine inamsahihisha mpaka anakosea! Tena anapiga huku anaimba, ilimba ikiwa mapajani, kwa hiyo sauti yake imeingia pia kwenye maiki ya ilimba. Ile haikurekebishwa. Matokeo yake unasikia waimbaji wawili, mmoja wa mbele aliyenyooshwa na mmoja wa nyuma kama mzimu, akiimba wimbo wenyewe.

Na ule mvumo wa kukwaruza? Unatoka kwenye utando wa mayai ya buibui uliobandikwa juu ya tundu la ilimba. Fundi ameuweka makusudi. Programu ya kuondoa kelele haijui hilo, inauona kama feni mbovu na kuufuta. Geti, programu inayofunga sauti ikififia, nayo inakata mkia wa kila noti. Fedheha tupu.

Kurekodi kitu hiki wala hakutaki fedha za kutisha. Maiki moja ya kondensa sentimita 30 hadi 40 kutoka kwenye ilimba, ielekezwe katikati ya ndimi na tundu. Ukiisogeza karibu zaidi unapata kucha na mngurumo tu. Maiki ya pili sentimita 20 hivi kutoka mdomoni, juu kidogo. Biti 24, kHz 48, kilele cha sauti kisivuke dB -12. Magodoro mawili nyuma ya mwimbaji, friji uizime, na kama paa ni la bati subiri mvua ipite. Kliki, ule mdundo wa kuhesabia sikioni, ya nini? Wimbo ukikimbia kidogo kuelekea mwisho, uache ukimbie. Rekodi mara 3 au 4 mfululizo, chagua moja nzima, usishone vipande. Baadaye kata mngurumo ulio chini ya Hz 70, juu usiguse kitu. Wala usiuminye wimbo upige kelele, Spotify itaushusha yenyewe hadi karibu -14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti.

Haya, nakubali shingo upande: redio haitapiga ilimba tupu saa 2 asubuhi, na mwimbaji anakula. Nakubali pia kwamba kuchanganya si dhambi. Hukwe Zawose mwenyewe, aliyewaonjesha walimwengu ilimba, alirekodi Assembly na mpiga gitaa Mkanada Michael Brook, ikatoka 2002. Lakini gitaa mtu anaweza kuvuta waya akaifuata ilimba. Kinanda chenyewe pia kina sehemu ya kubadilisha skeli. Ingiza -14 kwenye E na -31 kwenye Bb, dakika 5 umemaliza. Hakuna aliyejisumbua.

Maneno ya nyimbo ni mazuri mno, hasa wimbo wa nne, na jalada ni la kawaida.

EP hii bado inaokoleka endapo mafaili ghafi yapo kwenye diski ya studio. Mwimbaji ayadai leo, kabla hayajafutwa kupisha kazi ya mteja mwingine: kila maiki na faili lake, WAV, bila kitu juu yake. Wimbo wa kwanza, wa tatu na wa nne, zima kinanda, zima Auto-Tune, rudisha mvumo, jioni moja inatosha. Wa pili na wa tano inabidi zirekodiwe upya baada ya ndimi kurudishwa mahali pake. Na kama Auto-Tune iliwashwa wakati anaimba, ikaingia moja kwa moja kwenye faili, basi nyimbo zote 5 zirudiwe.