Wakikopi Makala Yako, Google Humpa Nani Nafasi?

Kwenye blogu za habari na ajira za Tanzania na Kenya, malalamiko haya hayaishi: makala imepandishwa asubuhi, na kabla ya adhuhuri aya zile zile, hata kosa lile lile la tahajia, zimo kwenye tovuti nyingine, tena iko juu yako Google. Wamiliki wengi huamini wameadhibiwa kwa maudhui yaliyojirudia. Google imekuwa ikisema tangu 2008 kwamba adhabu ya namna hiyo haipo. Kwa maoni yetu, Google inasema kweli kuhusu kanuni, na wenye tovuti ndogo wanasema kweli kuhusu yanayowapata. Asiyetenganisha mambo haya mawili hupoteza miezi akipambana na asiyemdhuru.

Google ikikuta kurasa zenye maandishi yale yale, huziweka fungu moja, kisha huchagua mmoja wa kuliwakilisha. Zilizobaki hazifukuzwi, ila hazionyeshwi. Mwaka 2013 Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza kazi ya Google ya kupambana na spamu, alisema kati ya asilimia 25 na 30 ya maudhui ya wavuti ni marudio: nukuu, taarifa kwa vyombo vya habari, maelezo ya bidhaa. Kuyaadhibu yote kungeumiza wengi wasio na hatia. Kwa hiyo mwakilishi huchaguliwa kwa dalili kama viungo vinavyoelekea kwenye ukurasa, tagi ya kanoniko (alama ndani ya ukurasa inayotaja anwani ya ukurasa mkuu kati ya unaofanana), ramani ya tovuti (faili linaloorodhesha kurasa zake) na HTTPS, yaani muunganisho salama. Tarehe iliyoandikwa chini ya kichwa cha habari haitoshi kuwa ushahidi, maana yeyote anaweza kuandika tarehe anayoitaka.

Hapo ndipo mdogo anapoumia. Boti ya Google, programu yake inayosoma kurasa za wavuti na inayoitwa Googlebot, haizipitii tovuti zote kwa kasi moja: kubwa hupitiwa mara nyingi kwa siku, na blogu yenye seva ya polepole inaweza kungoja siku kadhaa. Anayekopi kwa programu inayosoma mlisho wa RSS, faili la tovuti linalotangaza makala mpya kwa programu nyingine, huipata makala yako ndani ya dakika. Kama tovuti yake hupitiwa mara kwa mara na ina viungo vingi, Google inaweza kumwona kwanza na kumpa fungu zima. Google ililijua hili. Januari 2011 ilibadili mfumo wake ili kuwabana wakopiaji, mwezi uliofuata ikaleta badiliko lililoitwa Panda dhidi ya tovuti za maudhui hafifu, na Februari 2014 Cutts akawaomba watu wajaze fomu kila wanapoona mkopiaji amempita mwandishi wa asili.

Kabla ya kuchukua hatua, pima. Chagua sentensi ya maneno kama 10 kutoka katikati ya makala, isiyo nukuu ya mtu, uitafute ndani ya alama za kunukuu. Kisha ingia Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, ukague anwani ya makala hiyo na usome ni ukurasa upi Google imeuchagua kuwa kanoniko, yaani mwakilishi wa fungu. Ikiwa ni wako na wasomaji bado wamepungua, sababu ni nyingine kabisa. Ikiwa ni wa mkopiaji, una kesi. Ikiwa makala haimo kabisa kwenye faharasa (orodha ya kurasa ambazo Google huzionyesha), tatizo liko nyumbani: kasi ya seva, ramani ya tovuti, au viungo vya ndani visivyofika kwenye makala mpya. Hilo lishughulikie kwanza, kwa sababu ndilo linalompa mkopiaji nafasi ya kutangulia.

Kuna jambo lisilopendwa kusemwa. Siku Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo, au nafasi za kazi serikalini zinapotoka kwa PDF, blogu nyingi huyanakili yale yale. Msomaji wa simu hufaidika, hasa tovuti rasmi inapozidiwa na wageni. Lakini maneno ya tangazo si mali ya blogu yoyote kati ya hizo. Aliyeweka tangazo kama lilivyo hana haki ya kulalamika kwamba ameibiwa. Aliyeongeza maelezo ya sifa, tarehe na namna ya kuomba anayo.

Kinga rahisi zipo, ila zina gharama. WordPress, programu ya kuendeshea blogu, hutuma makala nzima kwenye RSS isipobadilishwa; ukichagua muhtasari kwenye mipangilio ya kusoma, wakopiaji wengi watapata vipande tu, lakini na wasomaji wanaotumia mlisho huo watapata vipande hivyo hivyo. Sisi tungeacha makala nzima na kuongeza chini yake kiungo cha makala ya asili. Andika viungo vya ndani na kanoniko kwa anwani kamili kuanzia https, ili anayezoa ukurasa wote azoe na viungo vinavyorudi kwako.

Kufunga milango kwa anwani za IP, namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni, kunahitaji uangalifu zaidi. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ukiifungia kwa sababu ya boti moja, umewafungia wasomaji wako. Wengine hujiita Googlebot kwa jina tu: tafuta jina la seva kutokana na anwani, ambalo lazima liishie googlebot.com au google.com, halafu geuza utafutaji uone kama linarudi kwenye anwani ile ile. Na ukiweka kikomo cha maombi, hakikisha boti halisi haipokei jibu la 429 (maombi yamezidi) kwa zaidi ya siku mbili hivi, la sivyo kurasa zako zitaanza kutoka kwenye faharasa.

Aliyekupokonya kanoniko peleka malalamiko kwa Google chini ya DMCA, sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998, ukitaja anwani kamili ya kila makala yako na ya kila nakala, si anwani ya tovuti tu. Tangu 2012 wingi wa malalamiko halali dhidi ya tovuti huhesabiwa katika kuipanga kwenye matokeo, kwa hiyo hata lalamiko dogo lina uzito. Kenya nayo ina utaratibu wa notisi za kuondoa maudhui katika marekebisho ya 2019 ya Sheria ya Hakimiliki. Lakini silaha hii hukata pande zote: wapo waliokopi makala, wakairudisha nyuma tarehe ya nakala yao, kisha wakamshtaki mwandishi wa asili ili ukurasa wake uondolewe. Hifadhi rasimu, picha asilia na kumbukumbu za seva za siku ya kuchapisha. Ndizo utakazozitegemea kuandika notisi ya kupinga lalamiko kama hilo.