Kokoro halichagui samaki

Mvuvi yeyote wa Kirumba au Igombe, huku Mwanza kwenye Ziwa Victoria, anajua kwa nini kokoro, wavu wa kukokotwa, limepigwa marufuku: halichagui. Linakokota sato pamoja na mazalia yake, furu, kamongo, magugu maji, hata sangara wa urefu wa kiganja ilhali sheria inataka asipungue sentimita 50. Na Yesu alipotafuta mfano wa ufalme wa mbinguni, aliutaja wavu wa namna hiyohiyo: "juya, lililotupwa baharini, likakusanya wa kila namna" (Mathayo 13:47). Juya la watu wa pwani ndilo kokoro letu.

Mfano huu haujanitoka tangu tulipomzika mzee mmoja huku kandokando ya ziwa. Miaka mingi alisali akiwa benchi la nyuma, bila kubatizwa, kwa kuwa alikuwa na wake wawili. Alipofariki, kanisa lake halikutuma hata katekista.

Wanaoutetea uamuzi ule wana Maandiko mkononi. Mfano hauishii kwenye kuvuta: wavuvi wanaketi, wanachambua, wabaya wanatupwa. Mgeni asiye na vazi la arusi alitolewa nje. Paulo naye aliwaagiza Wakorintho wamwondoe mbaya miongoni mwao. Tena wana hoja inayonigusa kuliko aya hizo: mwanamke aliyeletewa mke mwenza bila kuulizwa anahitaji kanisa litakalosema waziwazi kuwa alidhulumiwa. Kanisa lisilokemea lolote humwacha peke yake.

Ila hoja hiyohiyo ina upande wa pili. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, London, walikataa kumbatiza mwenye wake wengi. Mwaka 1988, miaka 100 baadaye, walikubali abatizwe pamoja na wake zake na watoto wake wanaoamini, mradi aahidi kutooa tena maadamu wake hao wangali hai, na jamii ya Waanglikana wa mahali pale iridhie. Wakasema asilazimishwe kumwacha yeyote, kwa sababu ya shida itakayompata huyo anayeachwa. Anayeachwa huyo ni mwanamke yuleyule tuliyesema tunamtetea.

Halafu, nani anayechambua? Aya ya 49 inajibu: malaika, mwisho wa dunia. Kwenye mfano wa magugu, sura hiyohiyo, watumwa wanataka kung'oa na wanazuiwa. Hata agizo la kumhesabu mkaidi "kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru" liko katika Injili yenye jina la Mathayo, mtoza ushuru aliyeitwa akiwa forodhani, kisha Yesu akala na wenzake.

Mtazame kambale. Walawi 11 inamkataza kwa kukosa magamba, ndiyo maana ndugu zetu Wasabato hawamli. Nyumba ya pili, kwa Mkatoliki, ndiye kitoweo cha jioni. Samaki mmoja, mwalo mmoja. Sisemi nidhamu ya kanisa haina maana. Nasema mkono unaochambua usiwe mwepesi, na mbele ya jeneza utulie kabisa, maana pale hakuna tena wa kuonywa.

Siku ile wake wote wawili walikaa mkeka mmoja. Hakukuwa na wa kuongoza ibada, basi mke mkubwa, mshiriki kamili wa kanisa lile, akaanzisha wimbo mwenyewe. Mdogo akaitikia.