Mkanda mpya, mkono bado umeshikwa

Wiki iliyopita nilikaa meza ya watahini kwenye mtihani wa mikanda ya karate na tangu siku ile sijatulia, kwa hiyo leo nasema hata kama kuna watu wa dojo, ukumbi wetu wa mazoezi, watanuna.

Kijana mmoja kafanya Heian Yondan, ya nne kati ya kata za Heian (kata ni mfululizo wa hatua za kujikinga na kupiga unaoufanya peke yako). Kwa macho kaifanya vizuri, mateke ya pembeni yamenyooka, goti la karibu na mwisho kalipiga na kiai (ukelele wa nguvu) iliyotikisa ukumbi, wazazi na simu zao juu wanarekodi. Kapita, kapewa mkanda wa kijani. Baadaye watu wakiwa wanakunja suti zao nikamwita pembeni nikamwambia hebu nionyeshe Heian Shodan, ile ya kwanza kabisa, hatua 21 tu. Akaanza sawa: gedan barai (kinga ya chini) kushoto, ngumi, kageuka, gedan barai tena, kavuta mguu, kapiga ile ngumi ya nyundo, ngumi nyingine. Halafu zile age uke (kinga za juu) 3 zikawa 2, kugeuka baada ya hapo akaelekea upande usio wake, akasimama katikati ananiangalia. "Sensei, hii niliifanya zamani."

Zamani! Kata ambayo ndiyo iliyompa mkanda wake wa kwanza wa rangi, na hata suti aliyovaa siku ile hajaibadilisha bado.

Nikamrudisha pale kwenye kuvuta mguu, nikamuuliza hapa unafanya nini. "Ndivyo ilivyo kwenye kata, sensei." Nikamshika kifundo cha mkono wa kulia, wala sio kwa nguvu, nikamwambia haya, toa. Akavuta kwa mkono. Akavuta tena, bega likapanda mpaka karibu na sikio, mkono uko palepale. Na dawa yake ilikuwa kwenye hatua aliyotoka kuifanya mbele yangu: unarudisha mguu wa mbele, mwili mzima unarudi nao, mkono unazunguka kwa kufuata nyonga na kutokea upande wa kidole gumba cha aliyekushika maana hapo ndipo mshiko ulipo dhaifu, na ngumi hiyohiyo inamshukia kama nyundo. Hatua ile ameirudia mara zisizohesabika na hajawahi kushikwa mkono hata siku moja.

Simlaumu. Kafanya kila alichoambiwa. Ninaowalaumu ni sisi tunaokaa mezani.

Maana tumeifanya kata iwe tiketi. Mtihani ukikaribia, mwezi mzima dojo linarudia kata moja, ile ya mkanda unaofuata, sensei anasahihisha mguu na mkono na wapi pa kupiga kiai, mtihani ukipita kata ile inawekwa kabatini na mkanda wa zamani. Heian Nidan, ya pili, inafukuza Shodan, Sandan, ya tatu, inafukuza Nidan, mtu anafika mkanda wa kahawia kichwani ana kata ya Bassai Dai peke yake na hiyo Bassai Dai nayo hajui nani anampiga. Bunkai, yaani maana ya kila hatua na jinsi ya kuitumia, inafundishwa siku muda ukibaki, na muda haubaki. Wenye haraka watakuambia kata ni mazoezi ya mwili na kupigana utajifunzia kwenye kumite, mazoezi ya kupambana na mwenzako. Basi kama hatua haina maana, kwa nini tunamkatia mtu alama kwa kuikosea?

Gichin Funakoshi mwenyewe, mwanzilishi wa karate ya Shotokan, alisimulia kwamba alikaa miaka 10 kwenye kata 3 za Tekki, ambazo wakati huo ziliitwa Naihanchi. Tekki Shodan ni hatua 29, unakwenda kulia na kushoto tu kwenye mstari mmoja. Miaka 10! Sisi tunaipa kata miezi mitatu, na mtoto akiulizwa anafanya nini anajibu anasubiri tarehe.

Na naomba tusijifiche nyuma ya mila, kwamba mikanda ndiyo karate ilivyokuwa tangu enzi. Hapana. Dan, yaani ngazi za mkanda mweusi, zimetoka kwenye judo, Kano mwanzilishi wa judo alizianza 1883, na Funakoshi alitoa dan za kwanza za karate mwaka 1924, miaka miwili baada ya kutoka Okinawa, kisiwa karate ilikozaliwa, kwenda Tokyo kuonyesha karate. Hizi rangirangi zilipata nguvu kwenye judo ya Ulaya. Mabingwa wa Okinawa wa kabla ya hapo hawakuwa na mkanda wa kijani wala wa kahawia, walikuwa na kata chache na mwalimu ambaye hakupeleki mbele mpaka aridhike.

Sawa, nakubali, na nakubali kwa shingo upande, kwamba hata Heian zenyewe zilitengenezwa kwa ajili ya shule. Itosu, mwalimu wa karate wa Okinawa, alizitunga mwanzoni mwa karne ya 20 zikiitwa Pinan, ili watoto wa Okinawa wafundishwe kwa makundi, kwa hiyo kurahisisha mambo hakukuanza na sisi. Nakubali pia kwamba mtoto anayesimama peke yake ukumbini watu wote wakimtazama anajifunza ujasiri, nimeona watoto waoga wakibadilika kabisa siku ile. Ada za mtihani sizigusi leo, hasira zitanipeleka pabaya.

Lakini hakuna anayesema ujasiri upimwe kwa kata aliyoikariri juzi. Kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021 Ryo Kiyuna wa Okinawa alichukua dhahabu ya kata, na ukimtazama hata kama hujui karate unaona kabisa kwamba mbele yake kuna mtu, kila ngumi ina pa kwenda, macho yanafika kabla ya mkono. Hicho ndicho ninachokitafuta kwa mtoto wa mkanda wa njano, kwa kiwango chake.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu na mimi nilipitishwa. Mtihani wangu wa kahawia nilipotea kwenye Bassai Dai, nikarukia mbele kwa kubahatisha, nikamaliza. Nilijua. Aliyekuwa ananitahini alijua, nilimwona akiinamisha macho kwenye karatasi. Nikapewa mkanda nikapeana mikono na kila mtu, na kwa miezi nilikuwa naufunga nikiwa nimegeukia ukutani. Afadhali angeniambia bado. Neno "bado" halijawahi kumuua mwanafunzi, mimi ningerudi kesho yake kufanya mazoezi.

Mtihani ujao nimeombwa tena kukaa mezani. Nimeshawaambia sharti langu: kila mtu aanze na Heian Shodan, awe mkanda gani sijali, na akifika kwenye ile hatua ya nne asimame, mwenzake aje amshike mkono kweli. Atakayetoka tuendelee na kata yake. Asiyetoka arudi mazoezini. Bado wanajadiliana kama watanikubalia, na kijana wangu wa mkanda wa kijani kila akifika dojo ananyoosha mkono wa kulia kabla hata hatujasalimiana.